Kuwasha si Kukoka: Maoni kuhusu Istilahi ya Mwanzo wa Kompyuta kwa Kuzingatia Mfumo wa Mafaili wa ZFS

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya istilahi za Kiswahili, mashine inayoitwa kompyuta imepata majina mengi kuliko stahiki yake. Wapo waliosimama na kompyuta, wapo waliopigania tarakilishi, na wapo walioleta ngamizi. Wino mwingi umemwagika, na mwishowe mzungumzaji wa kawaida akachukua neno alilolisikia dukani. Sina nia ya kuufufua ugomvi huo. Ninachotaka kudai katika makala haya ni kwamba, tulipokuwa tukibishana juu ya jina la chombo, tuliviacha vitendo vya chombo hicho bila majina, au tuliviazimia majina ya vitendo vingine. Mfano nitakaoushughulikia ni mmoja tu, nao ni kile kinachotokea baina ya mtu kubonyeza swichi na mfumo endeshi kuwa tayari kupokea amri zake. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema kwamba mashine "imewaka". Nitajaribu kuonyesha kwamba neno hilo halitoshi, na kwamba kutotosha kwake kuna gharama.

Msomaji huenda akashangaa kwa nini suala hili la istilahi linafungwa katika ZFS, mfumo wa mafaili uliobuniwa na wahandisi wa Sun Microsystems huko Marekani. Sababu ni kwamba katika mifumo ya mafaili iliyo mepesi, hatua za mwanzo wa kompyuta hupita haraka na kwa siri, kiasi kwamba hata mtaalamu anaweza kuzisahau. Katika ZFS hatua hizo zilikuwa tatizo la kihandisi lililochukua miaka kutatuliwa, na hadi leo bado zinawatoa watu jasho. Pale ambapo kitendo ni kigumu, ndipo viungo vyake huonekana. Na anayeunda istilahi hana budi kuviona viungo kabla ya kutoa jina.

2.0 Kisa cha diski mbili

Idara moja ya chuo, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kompyuta ya kuhifadhia sauti zilizorekodiwa nyanjani: masimulizi, nyimbo za kazi, mahojiano na wazee ambao baadhi yao wamekwisha kututangulia mbele ya haki. Rekodi hizo ziliwekwa chini ya ZFS katika diski mbili zilizopangwa kama mtu na kioo chake, yaani kila kilichoandikwa katika moja kiliandikwa pia katika nyingine. Siku moja diski ya kwanza ikafa. Aliyekuwa zamu akaandika katika taarifa yake sentensi fupi: "Mashine haiwaki, diski zimeharibika." Taarifa ikapanda ngazi kwa utaratibu wake, na kikao kilichoketi kuijadili kilikaribia kuamua kwamba diski zote mbili ziondolewe na mpya ziagizwe.

Kwa bahati alikuwapo mwanafunzi wa uzamili aliyezoea kushughulika na seva. Akauliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumeliuliza: je, feni inazunguka? Ilikuwa inazunguka. Na taa? Zilikuwa zinawaka. Kwa hiyo mashine ilikuwa inawaka vizuri kabisa, na kilichoshindikana kilikuwa kitu kingine. Diski iliyosalia ilipachikwa katika kompyuta nyingine na rekodi zote zikaonekana, haikupungua hata moja. Kosa lilikuwa kwamba programu ndogo inayotangulia mfumo endeshi iliwekwa katika diski ya kwanza peke yake. Data zilikuwa na kioo, lakini mlango wa kuzifikia haukuwa nacho.

Napenda kusisitiza kwamba mwandishi wa taarifa ile hakusema uongo, wala hakuwa mzembe. Alitumia neno pekee aliloachiwa na lugha yake. Neno hilo lilijumuisha umeme kutofika, diski kufa, programu ya mwanzo kukosekana, na mfumo endeshi kushindwa kusimama, yote katika tendo moja la kuwaka au kutowaka. Sisi tuliosoma taarifa tulijaza maana iliyokuwa karibu nasi, ambayo ni maana ya taa na pasi.

3.0 Yanayotokea baina ya swichi na mfumo endeshi

Tuanze na utata wenyewe. Mfumo endeshi ni programu, na programu hukaa katika diski kama faili. Ili faili lisomwe, panahitajika programu inayojua jinsi mafaili yalivyopangwa katika diski. Programu inayojua hivyo ni mfumo endeshi. Basi nani amsomee msomaji? Waingereza na Wamarekani walipokutana na fumbo hili katika miaka ya 1950, walichukua picha ya mtu anayejaribu kujiinua kutoka ardhini kwa kuvuta mikanda ya buti zake mwenyewe, na picha hiyo ikafupishwa mpaka likabaki neno la buti tu. Leo wazungumzaji wengi wa Kiingereza hawaikumbuki picha hiyo wanapolitamka neno. Jambo hilo nitalirudia.

Fumbo hilo hufumbuliwa kwa ngazi. Katika kompyuta za jamii ya IBM PC, programu iliyochomwa katika saketi husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na kuitekeleza bila kuuliza maswali. Kati ya baiti hizo, 64 ni jedwali la migao ya diski na 2 ni alama ya uthibitisho. Zinazobaki kwa maagizo ni 446. Katika nafasi hiyo, ambayo haitoshi hata kuandikia aya hii, hapawezi kukaa ujuzi wa kusoma mfumo wowote wa mafaili wa maana. Panaweza kukaa ujuzi wa kwenda mahali fulani penye namba inayojulikana na kuchukua programu kubwa kidogo. Programu hiyo, ambayo nitaiita kipakizi, ndiyo inayotafuta kiini cha mfumo endeshi, kukipandisha katika kumbukumbu, na kukikabidhi hatamu.

Vipakizi vya zamani viliweza kukwepa kujua mfumo wa mafaili. LILO, kipakizi kilichotumika sana na Linux katika miaka ya 1990, kiliandika orodha ya namba za sekta ambamo kiini kilikuwa kimelala, basi. Kiini kikibadilishwa, orodha ilipaswa kuandikwa upya, na aliyesahau kufanya hivyo aliijutia safari yake ya asubuhi iliyofuata. Hata hivyo, mbinu hiyo iliwezekana kwa sababu faili, likishaandikwa, lilitulia mahali pake.

ZFS iliiondoa dhana hiyo ya kutulia. Kazi ya kuibuni ilianza mwaka 2001 ikiongozwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, na msimbo wake ukaingizwa katika Solaris mwishoni mwa Oktoba 2005. Wabunifu hawa waliona kwamba desturi ya kuigawa diski katika vyumba vyenye kuta, kila chumba kikiwa na mfumo wake wa mafaili, ilikuwa inawatesa watumiaji bila sababu. Wakaziunganisha diski zote katika akiba moja ya pamoja, na mifumo ya mafaili ikawa inachota humo kwa kadiri ya haja. Pili, waliamua kwamba data iliyopo isiandikwe juu yake kamwe. Kila badiliko huandikwa mahali papya, kisha viashiria vinavyoelekea pale navyo huandikwa upya, ngazi kwa ngazi, mpaka kufika kwenye mzizi. Tatu, kila kipande cha data kiliwekewa namba ya uhakiki, na namba hiyo haikai pamoja na kipande chenyewe bali hukaa kwa mzazi wake, ili kipande kilichooza kisiweze kujitolea ushahidi.

Sifa hizi ni njema sana, nami si wa kwanza kuzisifu. Lakini tazama zinavyomfanyia kipakizi. Kiini cha mfumo endeshi hakina tena anwani ya kudumu. Huenda kimekandamizwa, hivyo kipakizi hakina budi kujua kukikandamua. Huenda vipande vyake vimesambazwa katika diski 3 au 4, na mojawapo imekufa. Ili kukipata, kipakizi hakina budi kuzisoma lebo za diski, kuchagua mzizi ulio mpya kuliko yote ambao namba yake ya uhakiki ni sahihi, na kuteremka kutoka hapo tawi kwa tawi hadi kwenye faili linalotakiwa. Kwa maneno mengine, kipakizi hakina budi kuwa ZFS ndogo.

Wabunifu hawakuusahau mlango. Kila diski ya ZFS ina lebo 4 za kilobaiti 256 kila moja, 2 mwanzoni na 2 mwishoni mwa diski. Kilobaiti 8 za kwanza za lebo huachwa wazi kwa ajili ya majedwali ya kale ya diski, na baada ya lebo 2 za mwanzo zimetengwa megabaiti 3.5 kwa ajili ya programu ya mwanzo. Nafasi ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kazi ya kuijaza ndiyo iliyochelewa. Solaris 10 ilitolewa pamoja na ZFS mnamo Juni 2006, lakini mzizi wa mfumo endeshi wenyewe uliendelea kukaa katika UFS, mfumo wa mafaili wa zamani, mpaka toleo la Oktoba 2008. Kwa zaidi ya miaka 2, data za mtumiaji zilikuwa katika jumba jipya huku mwenye jumba akilala kibandani. Na hata mlango ulipofunguliwa, Solaris ilikubali kuanza kutoka katika diski moja au diski za kioo tu, si kutoka katika mpangilio wa kusambaza vipande. FreeBSD, iliyoipokea ZFS mwaka 2007 kwa kazi ya Paweł Jakub Dawidek, iliandikiwa programu zake za mwanzo muda mfupi baadaye, na mnamo Januari 2014 toleo lake la 10.0 likampa mtumiaji uwezo wa kuweka mzizi katika ZFS kupitia programu ya kawaida ya usakinishaji. Kwa upande wa Linux njia imekuwa ndefu zaidi, kwa kuwa leseni ya ZFS na leseni ya kiini cha Linux haziafikiani. Ubuntu ilianza kutoa moduli ya ZFS mwaka 2016 na kuruhusu kwa majaribio mzizi wa ZFS katika usakinishaji mnamo Oktoba 2019.

Hapa ndipo penye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko yote niliyoyataja. Kwa kuwa kipakizi ni ZFS ndogo ya kusoma tu, mashine moja inakuwa na ZFS 2: ndogo iliyomo katika kipakizi na kubwa iliyomo katika kiini. Hizi mbili zinapaswa kuafikiana. Sun iliponunuliwa na Oracle mnamo Januari 2010 na maendeleo ya msimbo huria yakatengana na ya Oracle, jamii iliyobaki na msimbo huria iliachana na namba za matoleo baada ya toleo la 28 na kuanza kuorodhesha sifa mojamoja: mpangilio huu wa diski unatumia sifa hii na hii. Mtumiaji anapoamuru akiba yake ihuishwe, ZFS kubwa hufungua sifa mpya kwa furaha. ZFS ndogo haina habari. Mashine huendelea kufanya kazi siku hiyo, na wiki hiyo, kwa kuwa kiini kimekwisha kuingia kazini. Siku inapozimwa na kuwashwa tena, kipakizi hukutana na maandishi ambayo hakikufundishwa kuyasoma, nacho husimama. Diski ni nzima, data ni nzima, umeme upo.

Watu wa GRUB, kipakizi kinachotumika na Linux, wamekabiliana na balaa hili kwa kuigawa akiba katika sehemu 2, moja ndogo yenye sifa chache kwa ajili ya kiini na nyingine kubwa kwa ajili ya kila kitu kingine. Yaani ukuta ambao ZFS iliubomoa umejengwa tena, mfupi kidogo. Tangu OpenZFS 2.1 ya mwaka 2021 inawezekana pia kuiwekea akiba mpaka wa sifa, ili isije ikahuishwa kupita uwezo wa kipakizi. Wapo waliokwenda upande wa pili kabisa na kuandika ZFSBootMenu, ambamo kiini kizima cha Linux, chenye ZFS kubwa ndani yake, hufanywa kuwa kipakizi, nacho baada ya kuipata mashine humwachia hatamu kiini kingine. Binafsi naipenda zaidi njia ya FreeBSD, ambamo kipakizi na kiini hutoka katika ghala moja la msimbo na kwa mikono ya jamii moja. Kutoafikiana hakukomeshwi, lakini angalau mwenye kosa anajulikana anapokaa.

Mtu asidhani kwamba mashine za sasa zimeyamaliza haya. UEFI, iliyochukua nafasi ya utaratibu wa baiti 512, inasoma mafaili moja kwa moja, lakini mfumo wa mafaili inaodai ni FAT, ambao asili yake ni mwaka 1977. Hauna namba za uhakiki wala hauna kioo. Kwa hiyo mashine yenye mfumo wa mafaili unaojihakiki kutoka mzizi hadi jani huanza safari yake kwa kukanyaga ubao usiohakikiwa na yeyote. Anayeweka diski 2 za kioo anapaswa kukumbuka, kwa mkono wake mwenyewe, kuuweka ubao huo katika diski zote 2. Katika idara niliyoitaja hakuna aliyekumbuka.

4.0 Neno la kuteua

Iwapo msomaji amenifuata hadi hapa, atakubali kwamba tunahitaji kitenzi ambacho si kuwasha. Yapo maneno kadhaa yanayojipendekeza. Kuanzisha ni pana mno. Tunaanzisha programu, mradi, chama na ugomvi. Kuamsha lingefaa, lakini kompyuta za siku hizi hulala kifuniko kinapofungwa, na kuamka kutoka usingizi huo ni tendo jingine kabisa ambamo kumbukumbu haikupotea. Neno limekwisha kuchukuliwa kwa haki. Kupandisha lina nguvu, na mafundi wengine husema mfumo "umepanda". Lakini kwa wengi wetu anayepandisha ni mwenye pepo, na ingawa ufanano unachekesha, sitaki kuutetea mbele ya kamati.

Mafundi wenyewe husema kubuti. Siwalaumu, na wala si mimi wa kuwakataza. Ninachouliza ni kama mwanaistilahi naye atosheke hapo. Kukopa jina la kitu kuna mantiki: diski ni diski, na atakayeiona ameielewa. Tendo halionekani. Mwanafunzi anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba mashine "haibuti" hapati fununu yoyote ya nini hakikutokea, na kwa kuwa hapati, atalitafsiri kichwani mwake kuwa haiwaki. Tumerudi tulipotoka.

Pendekezo langu ni kukoka. Mpishi anayetumia kuni hawashi gogo kwa kiberiti. Huanza na makumbi au makuti makavu, juu yake huweka vijiti, moto ukishika vijiti huleta kuni za wastani, na gogo huja mwisho. Kila hatua ina nguvu ya kuiwasha inayofuata tu, si zaidi. Njiti ya kiberiti ina sekunde chache za uhai. Haiwezi gogo, lakini makumbi inayaweza. Kazi hii yote, tangu makumbi hadi jiko kushika, ndiyo kukoka moto. Kuwasha, kwa maana finyu, ni jambo la njiti. Najua kwamba katika mazungumzo maneno haya mawili hubadilishana nafasi, na kwamba wengi huwasha moto bila kuukoka. Kubana maana ya neno lililopo ili libebe dhana ya kitaalamu ni mojawapo ya njia halali za kuunda istilahi, na njia hii imetumika mara nyingi katika kamusi zetu za sayansi bila lugha kudhurika.

Uzuri wa neno hili ni kwamba fumbo nililolieleza linafumbuka ndani yake. Umeme ni njiti. Baiti 446 ni makumbi. Kipakizi ni vijiti, kiini ni kuni, na mfumo endeshi wenye huduma zake zote ni gogo. Katika Linux kuna hata kapu la vijiti vya ziada, yaani kifurushi cha awali ambamo moduli ya ZFS hubebwa ili kiini kiweze kuufikia mzizi wake. Mwanafunzi akiambiwa kwamba vijiti vibichi havishiki moto hata makumbi yakiwa makavu, ataelewa kwa nini akiba iliyohuishwa humshinda kipakizi cha zamani. Hilo Kiingereza hakimpi tena mzungumzaji wake, kwa kuwa mikanda ya buti imekwisha kusahauliwa.

Kisarufi pia neno halina ukaidi. Mashine inakokwa, inakokeka, haikokeki. Tendo ni ukokaji. Programu ndogo ya mwanzo yaweza kuwa kikokeo. Na mashine ikizimwa na kurudishwa, inakokwa upya. Sentensi ya taarifa ile ingekuwa: "Mashine inawaka lakini haikokeki." Maneno manne, na kikao kisingezungumzia kununua diski.

Pingamizi zipo. Ya kwanza ni kwamba neno linajulikana zaidi kwa wazee na watu wa pwani, na kwamba kijana wa mjini anayepikia gesi hajakoka moto maishani mwake. Ni kweli. Lakini kijana huyo hajavaa pia buti zenye mikanda ya kujiinulia, na hilo halikumzuia kusema kubuti. Anachohitaji ni neno ambalo mwalimu anaweza kulieleza kwa dakika moja darasani. Ya pili ni kwamba koka ni jina la jani linalotengenezewa dawa za kulevya, na pingamizi hii nimeitaja kwa sababu tu mwenzangu mmoja aliisema kwa uso mkavu. Ya tatu ina uzito zaidi: serikali, vyombo vya habari na kampuni za programu zimekwisha kuzoea kuwasha, na istilahi haiundwi kwa matakwa ya mtu mmoja. Sina jibu la kuiondoa. Naona tu kwamba mazoea hayo yaliingia kwa sababu tafsiri za programu zilizotolewa kwa Kiswahili tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama ile ya Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, zilishughulikia zaidi kile kilicho mbele ya macho ya mtumiaji: menyu, vitufe, ujumbe. Kilicho chini ya sakafu hakikuhitajika na hakikutafsiriwa. Mwenye kufundisha usimamizi wa seva kwa Kiswahili leo, anakihitaji.

5.0 Juu ya bwawa

Nimekuwa nikitumia neno akiba kwa lile fungu la pamoja ambamo ZFS huziunganisha diski. Si bila kusita. Katika darasa la tafsiri niliwahi kuwapa wanafunzi aya ya mwongozo wa ZFS, na watatu kati yao waliandika kwamba "bwawa linaweza kuagizwa kutoka nje ya nchi, ila mashine haiwaki". Kila neno lilikuwa katika kamusi. Tulicheka, kisha tukakaa saa nzima tukitafuta la kuweka, kwa sababu hata mimi sikuwa nalo.

Neno lililonijia kwanza lilikuwa kikoa. Kula kikoa ni watu kuchanga na kula pamoja, na hivyo ndivyo diski zinavyofanya: kila moja inaleta nafasi yake, na hakuna anayeuliza tena hiki cha nani. Lingekuwa jina zuri kuliko hata la Kiingereza. Kwa bahati mbaya kikoa limekwisha kupewa majina ya tovuti za intaneti, na sasa limeenea. Kuliomba lirudi ni kupoteza muda. Mwanafunzi mmoja alipendekeza bohari, kwa kuwa bohari inaingiza na kutoa kwa kadiri ya haja na haina vyumba vya watu. Linabeba kuhifadhi lakini halibebi kuchanga. Akiba linabeba kuweka kwa ajili ya kesho, ambako siko kabisa. Nimeegemea bohari kwa sasa, na kwa kitendo cha kuzitambulisha diski kwa mashine mpya naona kupokea kunatosha: bohari imepokewa. Nitakuwa radhi kusahihishwa.

Kuna dhana nyingine inayosubiri jina, nayo ndiyo zawadi kubwa ambayo ZFS inampa aliyevumilia taabu zote za ukokaji. Kwa kuwa data ya zamani haiandikwi juu yake, mfumo endeshi mzima unaweza kupigwa taswira katika dakika moja na kutengenezewa pacha, bila kula nafasi zaidi ya tofauti zitakazojitokeza baadaye. Msimamizi hufanya mabadiliko katika pacha mmoja na kumwacha mwingine kama alivyo. Mambo yakiharibika, kipakizi humwonyesha orodha ya mapacha naye huchagua wa jana. Solaris ilikuwa na chombo cha kazi hii, na FreeBSD imekuwa na chake katika mfumo wenyewe tangu toleo la 12.0 la Desemba 2018. Wanafunzi wangu waliyaita mapacha hayo "mazingira ya kuwashia", jambo ambalo humfanya msomaji afikirie chumba chenye soketi nyingi. Mmoja wao, yule yule wa swali la feni, amependekeza mafiga, kwa hoja kwamba jiko lile lile laweza kukokewa moto juu ya mafiga haya au yale. Sijashawishika, kwa kuwa mafiga hukaa matatu kwa pamoja na hakuna anayechagua moja. Lakini sijapata bora.

Kwa sasa darasani kwetu tunautafsiri ujumbe mfupi ambao FreeBSD humpa msimamizi kila anapomaliza kuihuisha akiba yake, ule wa kumkumbusha kuhusu programu ya mwanzo. Rasimu ya kwanza ilisema: "Ukiwasha kutoka bwawa hili, sasisha msimbo wa kuwashia." Ya nne, iliyopita kwa kura 9 dhidi ya 5, inasema: "Kama mashine inakokwa kutoka bohari hii, huisha kikokeo chake kabla ya kuizima." Waliopinga 5 wanataka kubuti.